Dereva wa Barafu Aliyekwama Thelujini Wima

Bwana Thani bin Saeed anastaafu Alkhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, baada ya kuliendesha lori la kiwanda chetu cha barafu hapa mtaa wa Ghala, Maskati, kwa miaka thelathini na mitatu. Bi Manal, mkurugenzi wetu, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha hafla, akasisitiza uwe mfupi na uwe wa kweli. Ufupi siuwezi. Ukweli nnao. Mimi Hatem wa gereji najulikana kutoka hapa mpaka Sib, uongo sisemi, ila mambo yanayonikuta mimi ni makubwa kidogo kuliko yanayowakuta watu wengine.

Thani alizaliwa Vikokotoni, Unguja, akaletwa Maskati angali mtoto, Kiarabu chake kikiwa ni cha kusalia tu. Cha mjini alijifunza kwa kugombana na madereva wa teksi pale Wattaya, ndiyo maana mpaka leo akisema Kiarabu watu hudhani ana hasira. Mwaka 1993 akapewa ufunguo wa lori la barafu, na mwaka ule ule akamwoa Bi Shariffa. Wengine husema alioa mara mbili mwaka mmoja, na aliyepewa zamu kubwa ni lori.

Kazi yake ilikuwa moja na haikubadilika. Watu wamelala, yeye anapakia. Alfajiri anasali Sib. Jua likichomoza, samaki wa pwani ya Sib wamekwisha tandikiwa barafu na mnada unaanza. Lori lenyewe limekufa mara nyingi na kila mara nililifufua mimi. Safari moja wakala wa magari alituma mafundi wake waje waone injini ile inazungukaje ilhali ndani hamna kitu. Waliangalia, wakanywa kahawa, wakaondoka kimya.

Kisa cha wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, kina watu wanaokitilia shaka, basi nakiandika hapa kiishe. Mwaka wa tufani kubwa Thani alikuwa njiani na mzigo wake, mvua inamwagika, nyuma yake gari ndogo inamuwashia taa. Sasa Thani ana tabia moja, na naomba msomaji aishike: akiona taa nyuma yake, anajiweka pembeni ampishe mtu apite. Hajali ni nani. Alijiweka pembeni siku ile, na pembeni palikuwa na wadi inayoteremka na miti mizima. Mtu mwingine angekwisha. Lakini lori lilikuwa limejaa barafu, na barafu inaelea. Asiyeamini atie kipande kwenye gilasi. Lori likaelea. Thani akakamata usukani, akawasha taa ya kugeuka kulia kwa sababu sheria ni sheria, akavukia ng'ambo mbele ya kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa pale pale nimesimama. Wavuvi walipata barafu yao kwa wakati, imepungua kidogo tu.

Tabia yake ya pili ni ya kahawa. Kwetu anayemimina kahawa haachi kumimina mpaka mnywaji akitikise kikombe, ndiyo ishara ya kusema basi, nimetosheka. Wageni hutikisa kikombe cha pili au cha tatu. Thani hatikisi. Talal wa ofisini, ambaye kwa udogo wake wa umri ndiye mwenye zamu ya kumimina, ameshika birika mbele ya Thani mpaka mkono wa kulia ukamnenepa kuliko wa kushoto. Mpaka birika likauke ndiyo Thani anarudisha kikombe, tena anakiangalia ndani kama aliyedhulumiwa. Tulimuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi sijui kusema basi. Sikufundishwa."

Hapo ndipo penye kisa chote, maana Thani alitakiwa kustaafu zamani. Alipotimiza miaka sitini alisema mwaka mmoja tu. Mwaka ukapita, akasema mmoja tena. Bi Manal hakumsukuma, naye ana sababu zake: lori halijawahi kuchelewa. Mimi sikumsukuma, nami nna sababu zangu: kila siku Thani alikuja kazini na kopo la vitumbua vya Bi Shariffa, na Thani si mlaji. Kopo lilifunguliwa gerejini. Vitumbua vile, jamani, nimekula kwenye harusi za wakubwa na sijaona mfano wake. Vimepoa, vimelala ubavuni mwa barafu, na bado ukitia mdomoni unasahau jina lako.

Mtu pekee aliyetaka astaafu alikuwa Bi Shariffa mwenyewe. Tangu aolewe hajawahi kufungua kinywa asubuhi pamoja na mumewe nyumbani kwao. Anaamka kabla yake, anachoma vitumbua, anafunga kopo, mlango unalia, basi. Anabaki na ukuta. Ijumaa? Samaki hawajui Ijumaa. Idi? Siku ya Idi barafu ndiyo inayogombaniwa. Likizo? Likizo Thani alikuja kiwandani kuangalia kama lori linamkumbuka.

Januari mwaka huu Bi Manal akatupeleka sisi wafanyakazi wakongwe, Talal wa kutushikia tiketi, na wenza wetu wanaotaka, kwenye milima ya Jojia kuona theluji. Alisema ni aibu watu wanaokula kwa baridi maisha yao yote wasijue baridi ya Mungu inafananaje. Thani ndegeni alitutangazia kuwa hana la kuona huko. "Mimi baridi ndiyo kazi yangu," akasema. "Nyinyi shikeni majaketi." Akateremka uwanjani na kanzu. Ilibidi Bi Shariffa amvishe koti palepale mbele ya watu wa pasipoti, anamfunga vifungo na kumgombeza.

Usiku ule theluji ilianguka kama imelipiwa. Asubuhi magari nje ya hoteli yalikuwa matuta tu, na mlima mzima umevaa kanzu mpya. Nlitoka nikaishika. Haikuwa barafu ile. Barafu yetu ni ngumu, unaipiga inakujibu. Hii ilikuwa bwimbwi, unga mtupu, ukiupuliza unaruka, ukiukanyaga unakumeza mpaka gotini na hausemi kitu. Watu wa kule walikuwa wakikimbia na mbao zao za kutelezea mabegani huku wakicheka, maana siku ya unga mpya kama ile, kwao, ni sikukuu.

Ndani tukakaa mezani. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Thani na Bi Shariffa walikaa meza moja wakati wa chai ya asubuhi. Nliwaona. Alimmiminia chai, akampakia mkate siagi. Thani akaimeza chai yote, akaukunja mkate mara nne kama tikiti ya basi, akautia mdomoni na kusimama.

"Unakwenda wapi?" Bi Shariffa akamuuliza.

"Kuangalia lori."

Meza nzima tukacheka. Bi Shariffa naye alicheka, kisha akaacha, na sisi tukaendelea kucheka peke yetu kidogo, si vizuri. Akakiweka kikombe chake chini.

"Lori liko Ghala, baba watoto."

"Najua. Miguu ndiyo haijui."

"Basi keti nikwambie kitu, mbele ya Bi Manal na mbele ya Hatem, huyu anayekula vitumbua vyangu akadhani sijui." Nikainama kutafuta kijiko. "Unasema baridi ndiyo kazi yako. Haya. Kile kilima cha wanaoanza, panda mpaka juu, uteremke na hizo mbao zao. Ukifika chini umesimama, sikutajii tena kustaafu mpaka nife. Ukianguka, Aprili unarudisha ufunguo."

Thani alimtazama Bi Manal. Bi Manal akatazama chai yake. Mimi, kama mtu mwenye uzoefu, nikamnong'oneza, "Kubali. Kilima chenyewe kama tuta la barabarani. Mimi nimeteleza mchanga wa jangwa la Sharqiya juu ya mlango wa Land Cruiser, ntakufundisha."

"Nimekubali," Thani akasema.

Kanzu hakuvua. Aliivalia suruali ya theluji juu yake, yote ikajikusanya kiunoni, akawa kama mtu aliyejifunga mkungu wa ndizi. Kofia yake ya nakshi akaiacha chini ya helmeti. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mnene wa kule, jina lake Nino, mwenye Kiarabu cha maneno machache alichookota kwa wageni wa Ghuba: "shway shway", yaani pole pole, na "yalla habibi", yaani haya twende mpenzi, na mengine ya kuuza vitu. Alimzunguka Thani mara mbili, akaubonyeza ule mkungu kwa fimbo, akaguna.

Nlitangulia mimi, niwaonyeshe njia. Baadhi ya watu wamesema nilianguka mwanzoni kabisa. Sikuanguka. Nlilala ili kuipima theluji ina kina gani, na nilipokwisha kuipima nilikuwa nimefika chini, na mbao zangu zimetangulia kidogo. Pale chini alikuwapo Bi Shariffa na chupa yake ya kahawa na vikombe, alivyovitoa Maskati vimefungwa ndani ya soksi. Bi Manal na Talal walisimama pembeni yake. Sote tukatazama juu.

Thani akaanza kuteremka. Na hapa nasema la haki, ingawa ni rafiki yangu: aliteremka vizuri. Hakuteremka kama mtu wa mlimani, aliteremka kama dereva. Fimbo alimrudishia Nino, akasema zinamsumbua. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika usukani usiokuwepo. Kila mteremko ulipozidi ukali, mkono wa kulia ulishuka kutafuta gia. Kwenye kona aliegemea, akatazama kioo cha pembeni, akageuka pole pole na mzigo wake wa kanzu. Nino nyuma yake anaita "shway shway", naye anakwenda shway shway kweli, wima kama nguzo. Watu wa kule walisimama kumwangalia. Mmoja alipiga makofi.

Bi Shariffa aliikumbatia chupa yake ya kahawa. Nliuona uso wake, na nikaacha kushangilia. Kila Thani alipokaribia, uso ule ulikuwa unafungwa kama kopo.

Kimebaki kipande kidogo tu. Mtu angeweza kurusha kofia ikafika. Ndipo nyuma ya Thani wakatokea watoto wa skuli ya kule, mstari mzima, wadogo kama vikombe, wanateremka mbio, na mmoja wao akapiga filimbi.

Thani akasikia. Miaka thelathini na mitatu ikamjibia. Akanyoosha mkono wa kulia, akatoa ishara, akajiweka pembeni awapishe.

Njiani theluji ilikuwa imekanyagwa na wapitaji. Pembeni ilikuwa bwimbwi la usiku kucha, lina kina cha kisima. Alizama bila sauti. Kwanza magoti, halafu ule mkungu wa kanzu, halafu kifua, na hapo akasimama. Watoto wakapita, wote wakampungia mkono. Naye akawapungia. Alikuwa wima kama alivyokuwa, ila nusu yake haionekani.

Tukakimbia kumwendea, kama kule kunaitwa kukimbia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Sijaanguka."

Na kweli hakuwa ameanguka. Mbao zake zilikuwa chini kabisa, zimekamatwa, mwili umenyooka. Nino akafika na koleo, akatuonyesha kwa mikono namna ya kumtoa: lazima kwanza alale ubavu, atandaze uzito wake, ndipo mbao zifunguliwe. Akiwa wima hatoki, kila akijitikisa anazidi kushuka.

"Silali," akasema Thani. "Nikilala nimeanguka."

Sasa likawa baraza. Bi Manal, mwenye shahada yake ya nje, alisema kwa kadiri anavyoona mtu huyu amesimama. Talal, kwa ajili ya mkono wake, alisema aliyezama haitwi amesimama, hata meli ikizama wima imezama. Mimi nikasema amesimama, tena kuliko sote, maana sisi tunayumba. Niliona vitumbua mbele yangu miaka mingine mitano. "Bwana, usilale," nikamwambia. "Tutakuletea chakula hapa hapa."

"Chini hujafika," akasema Talal. "Makubaliano ni kufika chini."

"Ntafika. Theluji itayeyuka lini?"

Nino akajibu kwa vidole. Mwezi wa Mei.

Tukamgeukia Bi Shariffa, yeye ndiye mwenye shauri. Hakubisha kama ameanguka au hakuanguka. Alimwondosha Nino na koleo lake kwa upole, akatandika koti langu juu ya theluji bila kuniuliza, akakaa karibu na Thani, vichwa vyao vikawa sawa. Akafungua chupa, akamimina kahawa, akampa. Harufu ya iliki ikapanda mlima mzima.

Thani akanywa, akarudisha kikombe. Hakukitikisa. Bi Shariffa akamimina. Akanywa. Akamimina. Theluji nyepesi ilianza tena, inatua mabegani mwao wote wawili.

"Unanilazimisha, Shariffa."

"Sikulazimishi. Namimina tu. Kwani mimi nimekuja hapa kufanya nini, si kunywa kahawa na mume wangu asubuhi? Simama mpaka Mei, mimi nipo. Hapa angalau huendi popote."

Talal alitaka kucheka, Bi Manal akamkanyaga.

Thani akanywa kingine. Akakishika kikombe kitupu mkononi muda, anakizungusha. Kisha akauliza kitu ambacho mimi sikukitazamia, na nilikuwa nimekaa na mtu huyu umri wangu wote.

"Shariffa. Vitumbua vile vikitoka chomboni, vya moto, vinakuwaje?"

Bi Shariffa akaishusha chupa.

"Hujui?"

"Ntajulia wapi? Mimi vyangu vyote vimelala na barafu."

"Pembeni vinalia," akasema. "Ukivimega vinatoa moshi, na nazi unaisikia kabla hujatia mdomoni. Mimi huwa nakula kimoja pale pale jikoni, nimesimama. Vyako natia koponi." Akainyanyua chupa. "Niongeze?"

Thani akanyoosha mkono wenye kikombe, na akakitikisa. Mara mbili, taratibu, kushoto na kulia, kama watu.

Talal akakaa kwenye theluji. Mimi nikatazama upande wa magari, kulikuwa na upepo unaingia machoni. Thani akamwambia Nino, "Yalla, habibi," akalala ubavu, kama ngamia anayetua mzigo. Koleo likafanya kazi. Mbao zilipatikana, na kofia ya nakshi ilitoka ndani ya helmeti haijapinda hata kidogo. Kanzu ndiyo ilikuwa imeganda, ikabidi tumbebe kama kabati.

Tangu siku ile mwandishi huyu amesikia mara nyingi swali la kama Thani alianguka au hakuanguka. Jibu langu ni rasmi na liandikwe: hakuanguka. Alilala kwa hiari yake, baada ya kahawa, na tofauti hiyo mimi naijua vizuri kwa sababu nami siku ile nililala kwa hiari yangu.

Sasa, kwa niaba ya kiwanda, ya pwani ya Sib na ya samaki wote waliofika mnadani wakiwa na heshima zao: ahsante, Thani. Ahsante kwa kila alfajiri, na kwa kila mtu uliyempisha barabarani, ambaye hakukujua na hakukushukuru. Lori umemwachia Humam, kijana mzuri, ila akipitwa barabarani haridhiki. Tutamfundisha. Ahsante nawe Bi Shariffa, kwa kutuazima mtu wako muda mrefu hivyo, na kwa kopo ulilojua siku zote linafunguliwa na nani.

Siku ya hafla Talal atashika birika. Thani akitikisa kikombe cha kwanza, tafadhalini wageni msishangae wala msimpigie makofi, amejifunza ukubwani na bado anaona haya.

Tunakutakia, ndugu yetu, asubuhi ndefu zisizo na haraka, mlango usiolia, na vitumbua vinavyotoa moshi, uvile ukiwa umeketi. Na kama siku moja vitazidi mezani, gereji ya Ghala iko palepale. Sisi vilivyopoa tunakula, tumezoea.